Pete Nyepesi za Fimbo ya Dada

Fundi miwani alikuwa mtu wa kushauri. Ukiingia kibandani kwake kutafuta fremu, kabla hujakaa sawasawa ameshakwambia: "Chukua nyepesi. Miwani nzito siku ya kwanza inakaa usoni, siku ya pili inakaa mezani." Alisema hivyo kwa miaka thelathini, watu wakamsikia, na pua zao zikasalimika. Ambaye hakumsikia ni yeye mwenyewe, maana mganga hajigangi, na ndivyo alivyokaribia kuiharibu zawadi moja kwa kuipenda kupita kiasi.

Zawadi yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa. Mama yao alifariki fundi akiwa na miaka sita, dada ana kumi na tisa. Dada akaingia kazini katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alikamua mashuka, akapiga pasi, akashona vifungo vya makoti ya wauguzi, na kwa mikono hiyohiyo akamlea mdogo wake mpaka akajua ufundi. Jumapili walikwenda mtoni kuvua kwa nzi wa manyoya, yaani ndoano iliyovishwa manyoya hadi samaki akadhani ni mdudu. Fimbo ilikuwa moja, ufito wa mwanzi aliouchonga dada mwenyewe. Alirusha mara mbili, mara tatu, kisha akasema, "Mkono umechoka, shika wewe." Mtoto akashika, na hakuiachia mpaka wakati wa kurudi nyumbani.

Fundi alikuwa ameshaota mvi siku alipokaa akaliwaza jambo hilo vizuri. Mwanamke anayekamua mashuka mia kwa siku, mkono umchoke kwa kurusha mshipi mara tatu? Alicheka peke yake kibandani, kisha akaivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Sasa mkono ulikuwa umechoka kweli. Miaka ile ya kukamua ilikuwa imekula kifundo cha mkono, na daktari alimkataza kunyanyua hata birika lililojaa. Fimbo yake ya dukani ilisimama nyuma ya mlango pamoja na ufagio. Siku moja, kwa sauti ya mtu anayezungumzia gauni lililombana, dada alimwambia fundi kwamba kiboksi chake cha nzi wa manyoya atampa jirani.

"Nimevua vya kutosha," alisema.

Fundi aliumia. Dada hakuwa mtu wa starehe nyingi. Mto ule ndio uliokuwa starehe yake. "Nipe mwezi mmoja," alimwomba. "Nitakutengenezea fimbo ambayo mkono wako hautailalamikia."

"Mwezi mmoja. Ukipita, kiboksi kinakwenda kwa jirani."

Alinunua ufito mtupu wa nyuzi za kaboni, futi saba na nusu, mwembamba, mwepesi kiasi kwamba ukiushika unatazama mkononi kuhakikisha hujaudondosha. Hapo kazi ilikuwa nusu, kwa sababu ufito mtupu hauvui. Unataka pete, vile viduara vinavyofungwa kwa uzi kuanzia mpinini hadi nchani ili mshipi upite ndani yake. Muuzaji alimwekea trei mezani. Upande mmoja kulikuwa na pete za waya mwembamba, kila moja na mguu mmoja wa kufungia. Upande wa pili kulikuwa na pete za miguu miwili, zenye bitana ya jiwe gumu ndani, zinang'aa utadhani za harusi.

"Kwa ufito huu, chukua hizi za waya," muuzaji alimwambia.

"Hivi vijiwaya?" Fundi alikaribia kugombana. "Ndugu yangu, hii ni ya dada yangu!"

Akachukua tisa za jiwe. Alizifunga kwa uzi wa hariri mwekundu, miguu yote miwili, akapaka vanishi mara tatu. Mkewe alisimama mlangoni akamtazama weee, mwisho akauliza, "Baba, unamtengenezea wifi yangu fimbo au taji?"

Jumamosi dada alikuja kuijaribu uani, mshipi ukiwa na kipande cha sufi badala ya ndoano. Akarusha. Mshipi ulikwenda, lakini ncha ya fimbo haikutulia. Iliendelea kuyumba juu chini, na kila ilipoyumba ilivuta kifundo cha mkono. Akarusha tena. Mara ya tatu alitabasamu, akaugeuza uso pembeni.

"Nzuri sana, mdogo wangu. Mungu akuzidishie." Akamnyooshea fimbo. "Mkono umechoka, shika wewe."

Fundi akashika. Safari hii haukuwa uongo, na wote wawili walijua. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi utimie.

Jumatatu aliingia mwalimu mmoja kutafuta miwani, akaipenda fremu pana nyeusi. Fundi akaanza wimbo wake: "Chukua nyepesi, mwalimu. Miwani nzito siku ya kwanza..." Akakwama. Mwalimu akasubiri. Fundi alikuwa ameinua macho hadi kwenye ule ufito wa mwanzi wa utotoni, ambao miaka yote hii ulikuwa ukutani, akiutundikia vitambaa vya kufutia miwani.

Alipanda kwenye kigoda akaushusha. Pete zake zilikuwa za pini za chumba cha kufulia, zile za kubania lebo za mashuka, zilizokunjwa kwa koleo na kufungwa kwa uzi wa vifungo. Kila pete ilikuwa na mguu mmoja. Wa pili ulikatwa, tena ukasuguliwa usikwaruze. Maisha yake yote aliamini kuwa ule ulikuwa umaskini tu. Akakumbuka maneno aliyozoea kuyasema dada akiwa na sindano mdomoni: kitambaa chepesi hakitaki kifungo kizito.

"Fundi, vipi? Niichukue au nisiichukue?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, nisamehe. Mimi ni mjinga."

Mwalimu akairudisha ile nyeusi mezani. Akachukua fremu nyepesi.

Fundi aliukata uzi wote wa hariri, akaibandua vanishi kwa ukucha, akarudi dukani na uso wa haya. Muuzaji alikuwa muungwana, hakusema "nilikwambia". Pete ya jiwe alibakiza moja tu, ile ya kwanza karibu na mpini, ambako mshipi husugua zaidi na uzito hauisumbui ncha. Zilizofuata zote zilikuwa za waya, ndogo na ndogo zaidi kadiri zilivyokwenda nchani. Safari hii hakukimbilia uzi. Alizishika kwa utepe wa karatasi, akapitisha mshipi, akafunga mwisho wake kwenye mguu wa meza, akaukunja ufito. Mshipi ulitakiwa kuufuata mkunjo, lakini baina ya pete ya nne na ya tano ulikata njia ya mkato. Akaisogeza moja kwa upana wa kidole. Akajaribu kuondoa pete moja ili fimbo iwe nyepesi zaidi. Mshipi ukalegea na kuupiga ufito. Akairudisha. Mkewe alileta chakula, akakuta cha mchana bado kipo.

Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi utimie, walikwenda mtoni. Dada alikuwa amebeba kiboksi mkobani. Kama ni cha kumpelekea jirani au cha kuvulia, hakusema. Alipopewa fimbo hakuirusha kwanza. Aliipitishia kidole, pete hadi pete.

"Mguu mmoja mmoja," alisema. "Nani kakufundisha?"

"Wewe. Nimeangalia pini zako. Dada, nilidhani ulikata ule mguu kwa kukosa uzi."

"Uzi? Uzi wa hospitali ulikuwa tele!" Akacheka. "Nilifunga miguu yote miwili kwanza. Ufito ukakulemea, ukawa unaushika kwa mikono miwili huku unauma ulimi. Kimkono chenyewe kilikuwa kama kijiti. Nikafumua yote, nikakata."

Fundi alitaka kusema asante, na asante ilikuwa nyingi. Akasema hivyohivyo, vipande vipande: "Asante, Dada. Ya pini. Ya yote."

"Haya, nipishe, utanasa kwenye ndoano."

Akarusha. Mshipi ulinyooka juu ya maji, ncha ikatulia palepale. Akarusha tena. Mara ya tatu fundi alisogea, akanyoosha mkono kwa mazoea ya miaka hamsini.

Dada hakumtazama. "Unataka nini?"

"Nadhani mkono umechoka."

"Nani kakwambia?" Akavuta mshipi, akarusha mara ya nne, ya tano. "Kaa hapo, subiri zamu yako."

Fundi akakaa kwenye jiwe. Alisubiri hadi jioni, na zamu yake haikufika.