Maganda Meupe ya Mjomba

Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Msamvu asubuhi, nikachukua bodaboda hadi Bigwa. Binamu yangu alikuwa ameamua kubomoa kibanda cha uani, kilichokuwa karakana ya baba yake, yaani mjomba wangu. Nilikuta ameshatoa vitu vyote nje: meza ya mninga, chupa za mafuta, vipande vya ngozi vilivyoliwa na panya. Mkononi alishika kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu. Akalitikisa.

"Dada, si yale yenyewe haya?"

Yalikuwa yenyewe. Niliujua mlio kabla hajafungua kifuniko.

Kama hujawahi kuona ganda la risasi, ngoja nikueleze taratibu. Risasi ikifyatuliwa, kichwa chake huruka na kinachobaki ni kikopo chembamba cha shaba ya manjano, urefu kama wa kidole. Wengi hukitupa. Mjomba alikuwa na kibali cha bunduki na cha kujaza maganda upya, kwa hiyo aliyaokota yote na kuyarudisha nyumbani mfukoni. Aliyatoa fataki iliyokwisha, kile kitufe cha kitakoni kinachowasha baruti, akayasukuma ndani ya kalibu ya chuma ili yarudie umbo lake, kisha akafunga mlango. Habari za baruti zilikuwa zake peke yake. Sisi watoto tulipewa kuosha.

Tuliosha kwa maji ya ukwaju. Shaba ikishapita kwenye moshi wa baruti huwa nyeusi, na ukungu wa mlimani ukichanganyika na jasho la mkanda wa ngozi huifanya iote ukijani. Ukwaju huondoa vyote. Tulianika maganda kwenye ungo wa bibi, karibu na maharage yake, na bibi alilalamika kila mara kwamba siku moja tutamchemshia shaba.

Kisha yakaja maganda meupe. Mjomba alipewa na mwindaji mmoja ambaye yeye alimwongoza porini, akayaleta nyumbani kama mtu aliyeleta vikombe vya wageni. Ndani ni shaba ileile, ila nje yamepakwa nikeli, yanang'aa kama kijiko kipya. Hayakuota ukijani. Yaliteleza kwenye kalibu bila kupakwa mafuta mengi, wakati yale ya manjano yalikwama usipoyapaka vizuri. Hata mkandani yalichomoka upesi. Mjomba aliyapenda kuliko kitu chochote cha karakana ile.

Lakini nikeli ni ngumu, na kitu kigumu huchoka vibaya. Ganda la kawaida likianza kuchoka, mjomba aliweza kuupitisha mdomo wa ganda kwenye moto, likalainika na kuendelea na kazi. Lile jeupe halikutaka mambo hayo. Lilipasuka mapema, na likipasuka halikusema. Kwenye shaba, ufa huonekana kama uzi mweusi. Kwenye nikeli, mng'ao wote unaufunika, na ukilitazama unajiona mwenyewe tu.

Dawa yake ni kusikiliza. Chukua maganda machache kiganjani, yatikise. Mazima yanalia kwa sauti nyembamba, safi. Likiwamo lenye ufa, utasikia moja linajibu kwa sauti nzito, kama limeziba pua. Bibi alifanya hivyohivyo akinunua vyungu sokoni: anakigonga kwa kidole, anainamisha kichwa, anakirudisha, na mwenye chungu ananuna.

Mwaka ninaoukumbuka, mahindi ya bibi yalikuwa yameanza kukomaa kwenye shamba la juu, chini ya msitu. Hayo ndiyo yalikuwa chakula chetu hadi mvua nyingine. Nyani walikuwa wameshamaliza shamba la jirani, wakabaki wanatutazama kutoka kwenye miamba. Nyani wa kwetu hawamwogopi mwanamke hata kidogo. Mwanamume akipanda na bunduki, wanapotea kabla hajafika, akiondoka, wanarudi. Kwa hiyo mjomba alijitanda kanga mbili za bibi, akaificha bunduki ndani, akapanda nasi kama mmoja wetu.

Jirani alitukuta njiani, akaweka jembe chini ili acheke vizuri.

"Hongera bibi harusi! Mbona umefuga ndevu?"

"Cheka, shemeji," mjomba akasema. "Ukila mahindi utanishukuru."

Nyani waliingia shambani mchana kweupe, bila wasiwasi, wakipita karibu na bibi kana kwamba ni kisiki. Mjomba alielekeza bunduki upande wa korongo, kusiko na nyumba, akafyatua. Dume kubwa lilianguka. Wengine walikimbilia kwenye miamba, wakasimama. Mjomba alivuta komeo la bunduki ili atoe ganda na kuweka risasi nyingine. Halikufunguka. Ganda jeupe lilikuwa limepasuka ubavuni na kung'ang'ania ndani, na moshi wa moto ulikuwa umempiga shavuni, kidole kimoja tu chini ya jicho.

Nyani walisubiri mlio wa pili. Haukuja. Wakaanza kushuka, na mjomba amesimama pale na kanga zake, anapigana na komeo.

"Madebe!" bibi alipiga kelele. "Pigeni madebe!"

Tulipiga madebe hadi mikono ikafa ganzi. Jirani naye alikuja mbio na sufuria na mwiko, hacheki tena. Tuliokoa zaidi ya nusu ya shamba. Upande wa juu nyani walibeba walichotaka.

Jioni bibi alimpaka mjomba asali pale palipoungua, kisha akaomba aletewe maganda meupe yaliyobaki. Akayatikisa kiganjani, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, hili bovu. Na hili. Hukuyasikiliza?"

"Niliyasikiliza, mama."

Bibi alishusha sauti, akasema jambo fulani akiwa nyuma yake. Sisi tulilisikia: alimwuliza kama anataka chai. Mjomba hakugeuka. Bibi akarudia, na bado hakugeuka. Ndipo sote tukajua. Bunduki ilikuwa imemla masikio miaka yote ile, naye hakumwambia mtu. Aliogopa ataambiwa airudishe, na ukoo hauna mlinzi mwingine. Maganda ya manjano aliweza kuyakagua kwa macho. Yale meupe aliyaamini kwa sababu yalikuwa masafi.

Nilidhani bibi atafoka. Badala yake aliniita, akanisukuma taratibu mbele ya mjomba.

"Huyu mpwa wako anasikia mpaka siafu wakipita. Mtumie."

Tangu siku ile hakujaza ganda lolote, jeupe wala la manjano, kabla sijalitikisa. Alikaa mezani ananitazama mdomo, nami nikisema kwa sauti kubwa, ama "Mjomba, mazima," ama, kukiwa na lenye ufa, "Mjomba, lipo moja." Hakunishukuru kwa maneno. Alinichongea kigoda kidogo, nikakikalia hadi magoti yakanifikia kidevuni.

Mjomba alipofariki, bunduki ilirudishwa polisi kama inavyotakiwa. Shamba la juu sasa lina nyumba za bati na ukuta wenye vipande vya chupa. Nyani wamepanda juu zaidi, na wasichana wa pale huwaona kwenye simu tu. Vyungu navyo ni vichache sokoni; sufuria hazihitaji kugongwa.

Binamu alimimina maganda kiganjani mwangu. Ya manjano yalikuwa yamekuwa kahawia, na ukijani umeyaotea kooni. Meupe yalikuwa meupe vilevile.

"Haya bado mapya kabisa," akasema.

Niliyatikisa karibu na sikio. Mafundi walikuwa wameanza kung'oa bati za kibanda, lakini niliisikia ile sauti nzito. Kabla sijafikiri, nikapaza sauti kuelekea pale ilipokuwa meza:

"Mjomba, lipo moja!"