Wiki ya Noti Mpya

Benki nzima ilimwita Nukta, kwa sababu alipotaja kiwango cha kubadilishia fedha hakuacha hata chembe: "Moja, nukta sifuri, nne." Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye dawati la fedha za kigeni, karibu na dirisha lililofungwa kwa kamba baada ya kitasa kung'oka. Kila asubuhi alipokea simu kutoka tawi la ng'ambo ya mpaka, akaandika kwenye daftari thamani ya fedha ya jirani, kisha akainakili kwa chaki kwenye ubao wa ukumbini.

Aliyepiga simu alikuwa karani mwenzake, kijana mwenye sauti ya taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mwaka ule fedha za nchi hizo mbili zilikuwa sawa kwa sawa. "Leo tena tumelingana, dada," alikuwa akisema. Mwaka wa pili "dada" ilikatika, na simu ya dakika mbili ikawa ya dakika kumi. Meneja alikohoa mpaka akachoka. Wao waliulizana nani kaumwa, nani kazaa, mvua imenyesha upande gani. Hawakuwahi kuonana. Kijana aliahidi kuja kujitambulisha kwa wazazi wa Nukta akishaweka akiba ya nauli na ya zawadi, maana mtu haendi ukweni mikono mitupu.

Ndipo fedha ya kwao kijana ikaanza kuporomoka. Moja ya upande wa Nukta ikawa sawa na mbili za upande wa pili, kisha tano, kisha kumi na moja. Kijana aliisoma namba hiyo kwa mdomo wake, Nukta akaiandika kwa mkono wake, na hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake maana yake.

"Nauli imenikimbia tena," kijana alisema siku moja. "Nikiikaribia, inasogea."

"Sogea nayo," Nukta akamjibu. Wakacheka, ingawa kicheko cha kijana kiliishia njiani.

Kisha serikali ya jirani ikatoa noti mpya, na kwa siku saba fedha ile ikapanda hadi tatu kwa moja. Nukta akapiga hesabu pembeni mwa daftari: akiba ya kijana ingemleta, ingemrudisha, na chenji ingebaki. Alimwomba mama yake apake chokaa ukuta wa sebuleni, bila kutaja sababu. Kila basi la mpakani lilipopita alinyanyua shingo dirishani. Wiki ikaisha. Fedha ikaanguka vibaya kuliko mwanzo, na kijana hakugusia lolote. Nukta naye hakuuliza. Aliona kuuliza ni kujipendekeza. Miezi mitatu baadaye benki ikaleta mtambo uliochapa viwango wenyewe, na simu ikanyamaza.

Aliolewa na fundi saa, mtu mwema, wakaishi miaka kumi na tisa hadi alipofariki. Nukta hakumdanganya, wala hakumsimulia.

Alikuwa amekwishastaafu binti wa dada yake alipokuja kumwona. Binti alikuwa anasomea uchumi na alitafuta viwango vya miaka ile ya mporomoko. Benki ilishatupa makaratasi yake. Nukta akavuta sanduku chini ya kitanda. Daftari zote alikuwa ameziomba siku zilipopelekwa jalalani.

Binti alifunua kurasa kwa muda, kisha akakomea kwenye ukurasa mmoja. "Mama mdogo, wiki hii fedha yao imepanda ghafla. Na hii hesabu ya nauli, ni ya nani?"

Nukta akamweleza. Binti yule hakuumbiwa kutulia. Aliuliza kwa wastaafu wa benki za pande zote mbili, na mwezi haukuisha akampata mtu. Wakapanda basi.

Walimkuta mzee mwembamba anayeishi na bintiye. Nywele zilikuwa zimekwenda, lakini sauti ilikuwa ile ile, na Nukta ilibidi aangalie sakafu ili amsikie vizuri.

"Wiki ya noti mpya," akamwambia walipobaki wawili. "Nauli ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Nilifika hata stendi. Nikaangalia viatu vyangu. Kimoja kilikuwa kimetoboka soli, nimekitia karatasi. Nikajiona nimekaa mbele ya baba yako."

"Ningekununulia viatu."

"Ndiyo maana," mzee akasema. "Mshahara wako wa mwezi ule ungeninunulia jozi ishirini. Ningekuja kama mchumba, au kama mtu wa kuonewa huruma?"

Nukta alitaka kumkaripia. Miaka yote ile, kumbe kwa ajili ya soli. Lakini alipofungua mdomo alijikuta anasema, "Mama alipaka chokaa ukuta wote, peke yake." Mzee akafunika macho kwa kiganja.

Siku hizi wanapigiana simu kila Jumapili. Wanaongelea magoti, wajukuu, bei ya dawa. Ni maongezi mazuri, na Nukta huyasubiri. Lakini wakishaagana hukaa kitambo na simu mkononi, kwa sababu anayemtamani ni yule kijana wa stendi, amesimama na nauli mfukoni, na huyo hana namba ya kumpigia.