Mpika Sabuni wa Ihembe

Niliwahi kuamini, ndugu msomaji, kwa moyo wangu wote na akili zangu zote za darasa la jioni, kwamba kuna sabuni inayofuta ubatizo. Usicheke bado. Niliamini kwamba Mkristo akijisugua kwa sabuni hiyo Jumamosi, Jumapili anaingia kanisani mpagani mtupu, amebaki na jina la mtakatifu lisilo na kitu chini yake, kama kofia iliyovikwa kisiki. Sabuni yenyewe ilipikwa kwetu Karagwe, kijijini Ihembe, kwa majivu ya maganda ya ndizi, na mama mmoja mjane ambaye wiki iliyopita amefariki dunia. Habari zilinikuta Omurushaka. Utingo wa basi litokalo Bukoba alining'inia mlangoni akanipigia kelele, "Mwalimu! Yule mama wa sabuni katutoka! Wanazika kesho!" Basi halikusimama hata nimwulize saa ngapi. Nilibaki pale nikila vumbi debe zima, nikingoja machozi, lakini kilichonijia si machozi. Ni hasira. Hasira hiyo ndiyo inayoandika leo. Mimi nimeishikia kalamu tu.

Vijana hawawezi kuijua njaa ya sabuni tuliyoipata miaka ile ya vita. Madukani ilitoweka kabisa, na aliyekuwa na kipande alikificha ndani ya mto wa kulalia. Mimi nilikuwa na shati moja jeupe la kwendea darasa la jioni (nimehitimu, na cheti ninacho, ndicho kilichonipa jina la mwalimu, anayetaka aje akione), na shati hilo lilifikia hali ambayo nikilivua linasimama lenyewe kando ya kitanda likinisubiri. Nzi wote wa Kiruruma nilikokaa walikuwa wamehamia mgongoni mwangu. Siku nyingine nikiwa nakata mkungu, utomvu ukanidondokea kifuani, na kila mtu wa Karagwe anajua maana yake. Utomvu wa mgomba ukishaingia nguoni hautoki. Mzee huzikwa na doa alilolipata akiwa kijana. Nikaambiwa niende Ihembe, kwa mjane. Nikamkuta uani, kajifunga kaniki, anachoma maganda ya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, waitu, mwanangu. Hilo ni shati au ni shamba? Naona hapo kwenye kola unaweza kupanda maharage."

Nikamwonyesha doa. Hakunipa pole. Alinipa kikapu, akaniambia nizunguke majumbani nikusanye maganda, kwani kwake asiye na kitu alilipa kwa maganda, mwenye ng'ombe akaleta mafuta, na mwenye nyonyo akaleta mbegu zake za kukamua mafuta. Nikashinda kwake siku mbili, nikaona kazi ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda. Maganda aliyaanika yakakauka, akayachoma mpaka majivu yakawa meupe. Majivu akayatia katika chungu kilichotobolewa chini na kuzibwa kwa nyasi, akayamwagia maji kidogo kidogo, na yaliyodondoka kwenye chungu cha chini yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hapo alichukua yai la kuku akalitia ndani. Lilizama. "Bado maji haya hayana akili," akasema, akayarudisha juu ya majivu mapya. Mara ya tatu yai likaelea, likatoa utosi tu. Nikanyoosha kidole nionje.

"Toa mkono!" akanikemea. "Maji haya yanakula ngozi. Vidole hivyo si ndivyo unavyoshikia kalamu? Au umechoka kusoma?"

Akayamimina katika mafuta juu ya moto mdogo, akakoroga kwa mwiko tangu asubuhi mpaka kivuli cha migomba kikafika ukutani, akaacha ikapoa. Ilitoka rangi ya kahawia, laini, akaifinyanga matonge na kuyafunga katika majani makavu ya mgomba. Kwa tonge moja shati langu lilirudi jeupe hata kuku wa jirani wakalikimbia. Doa la utomvu nalo, baada ya kusugua, kuanika na kusugua tena, likaondoka. Nilivaa shati hilo siku ya mtihani. Kama nilifaulu, na nilifaulu, tonge lile lilikuwa na sehemu yake.

Vita ikaisha, sabuni za mche zikarudi madukani. Mwenye duka mmoja wa Omurushaka aliagiza masanduku mpaka yakaziba dirisha, kisha akakaa akayatazama, maana watu walikwishazoea matonge ya Ihembe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hawakutuambia kwamba kibaya kikichoka kutembea hukaa barazani kikaanza kusema. Alasiri moja tulikuwa barazani kwake watu kama sita, ingawa wanaojidai leo kwamba walikuwepo wangejaza uwanja wa mnada.

"Hebu niambieni," mwenye duka akasema, "sabuni inayong'oa utomvu itaacha nini?"

"Labda itaacha mifupa," mmoja akajibu, tukacheka.

Ingeishia hapo. Ungekuwa utani wa barazani, upite kama tonge la muhogo. Lakini mimi nilikuwa na cheti chenye umri wa wiki tatu, na cheti kibichi hivyo kinawasha kuliko upupu. Nikasimama. Nikasema, "Tusicheke, jamani. Tufikiri. Katekisimu inatufundisha kwamba ubatizo ni alama isiyofutika. Hapa Karagwe kitu kingine kisichofutika ni utomvu. Mama yule anafuta utomvu. Basi."

"Basi nini, mwalimu?"

"Basi malizieni wenyewe."

Kicheko kikakatika. Mwenye duka akatutazama mmoja mmoja, akasema polepole, "Mmesikia? Mimi sijasema neno. Amesema msomi."

Siku ya tatu neno lile lilikwishafika Kyerwa, na siku ya tano lilirudi limenenepa, limezaa na watoto: eti kuna mtu huko alinawa miguu tu, akasahau Baba Yetu katikati. Nami hayo yakanifikia. Nilikuwa nimetoa hoja kwa kujionyesha, na sasa ilinirudia na mashahidi! Tangu hapo niliamini bila shaka hata chembe. Jirani zetu Walutheri walitucheka juma moja, wakasema hayo ni mambo ya Wakatoliki. Juma la pili nao wakaacha kununua, kwa tahadhari tu. Padri peke yake hakuambiwa. Uongo hauna dhehebu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inataka kunitoroka. Binti ya dada yake yule mama alijifungua mtoto wa kike, akamwomba mjane awe mama wa ubatizo. Mjane hakujaliwa mtoto. Kwake hilo lilikuwa ndilo tumbo lake pekee: kumshika mtoto yule mbele ya watu wote na kuitwa mama maisha yake yote. Jumapili ile alikuja mapema, gauni lake jeupe linaumiza macho, mtoto kamfunika shuka aliyoifua mwenyewe. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi, nilikaa mlangoni mwa kanisa na daftari, naandika majina ya watoto na wasimamizi. Nikasikia wanawake nyuma yake.

"Huyu ndiye ashike mtoto? Na mikono ile?"

"Maji ya padri yatakauka kabla ya amina!"

Akajifanya hasikii. Akaniinamia. "Mwalimu, jina langu umeandika?"

"Mama, ngoja kwanza," nikasema. "Wazee wameona asimame mwingine."

"Wazee gani?"

Hapakuwa na wazee. Palikuwa na mimi na kalamu.

"Kosa langu nini? Niambie, nikaungame sasa hivi. Padri yumo ndani."

"Ni ile sabuni, mama."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinitazama kifuani, akauliza, "Na shati hilo, mwanangu, utomvu wake aliutoa nani?" Nikainamia daftari. Akamrudishia mzazi mtoto wake, akaitazama mikono yake mbele na nyuma kama mtu aliyekabidhiwa mikono ya mwingine, akaondoka kwa njia ya migombani. Mtoto akasimamiwa na mke wa mwenye duka, aliyekuja na mche mzima wa sabuni kama zawadi, umefungwa utepe. Tukapiga vigelegele. Nami niliandika jina lake kwa mwandiko mzuri.

Tangu siku ile mjane alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Chungu chake cha majivu alikipindua uani, kuku wakatagia humo. Na sisi je? Wenye kahawa ya kutosha walinunua miche. Wasio na kitu wakafua kwa maji matupu, watoto wao wakajikuna upele mpaka usiku ukawa kama mchana. Maganda ya ndizi yakarudi kuwa takataka. Leo ukimwambia msichana wa Omurushaka kwamba bibi yake alikuwa na sabuni ndani ya ganda analolitupa, atakuuliza kama umelewa rubisi. Tumeambiwa kitu kizuri ni kile kilichosafiri. Kikitoka mbali, kwenye sanduku lenye maandishi, tunakipokea kwa mikono miwili. Kikitoka uani kwa mjane, tunakitafutia dhambi.

Wala msidhani namkasirikia mwenye duka peke yake. Mwenye duka ana masanduku yake, na mtu aliyezibiwa dirisha na masanduku atasema lolote apate mwanga. Nawakasirikia walionyamaza. Nawakasirikia akina mama waliofulia nepi za wanao kwa matonge yale miaka mitano, wakajua kwa mikono yao kwamba hayana ubaya, wakageuza shingo. Zaidi ya wote namkasirikia msomi. Asiyesoma akisema uongo, uongo wake una miguu miwili, unachoka njiani. Wa msomi umepanda baiskeli. Tulijifunza kusoma ili tuwatetee watu kama yule mama wanapoonewa barazani, nasi kazi ya kwanza tuliyoifanya na elimu yetu ni kumwonea kwa ufasaha.

Kwenye maziko watu walijaa kibanja chote cha migomba mpaka kwenye mibuni ya jirani. Walikuja hata ambao hawakukanyaga uani kwake tangu chungu kilipopinduliwa. Mzee mmoja akasimama kutoa sifa. "Marehemu alikuwa msafi!" akasema. "Ihembe nzima hapakuwa na mwanamke msafi kama yeye!" Watu wakaitikia, "Kweli! Kweli kabisa!" Nilitaka kumng'ata sikio kwa meno. Ningeweza, nilikuwa karibu. Lakini yeye amesema maneno tu, na maneno yanayokuja juu ya udongo hayamdhuru wala kumfaa aliye chini yake. Mimi nilikuwa na deni langu.

Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata padri, yule yule wa siku ile, sasa mzee, anatembelea fimbo. Alikuwa amesimama kando ya kaburi peke yake. Sijui nilitaka nini kwake: toba, au kukaripiwa, au kuambiwa kwamba hata kama ni kosa, lilikuwa na sababu. Maana nikiri mbele yenu: miaka yote hii sikuwahi kumwuliza mtu, na pembeni kabisa ya moyo wangu neno lile lilikuwa bado limekaa, halijaondoka.

"Padri," nikasema, "ile sabuni ya marehemu. Ni kweli ilikuwa inafuta ubatizo?"

Akanigeukia. Alidhani nafanya mzaha, akaanza kutabasamu, kisha akaona uso wangu. "Nani alisema hivyo?"

"Mimi."

Akaegemea fimbo yake. "Kwa hiyo ndiyo sababu hakusimama na yule mtoto. Mimi niliambiwa anaumwa. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia anaumwa."

"Ndiyo, padri."

"Na mimi nilikuwa ndani pale, navaa kanzu. Hatua kumi. Ulikuja kusema, hukuja kuuliza."

"Sikuuliza."

Akalitazama kaburi, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kuwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza:

"Ubatizo haukai kwenye ngozi. Ungekaa kwenye ngozi, mvua za masika zingekuwa zimekwisha kutuosha wote, na wewe wa kwanza."