Nyumba Tuliyochelewa Kuifungua

Juzi nilikwenda mazikoni Changamwe nikapotea kama mgeni. Mimi, niliyezaliwa huko! Malori yamepanga foleni, harufu ya mafuta inakaba koo, na matangi yamesimama palipokuwa na mihogo yetu. Nikamwambia dereva asimame. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu nimepoteza nyumba, mwanangu, naye akanitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo vikongwe.

Basi nisikilize wewe, maana yeye alikuwa na haraka. Miaka ile ya vita vikuu vya pili tuliishi juu ya ardhi ya mtu. Kwetu pwani hilo si ajabu: ardhi ina mwenyewe, na nyumba iliyo juu yake ina mwenyewe mwingine. Mwenye shamba alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole, aliyetuachia tukae kama alivyowaachia wakubwa wetu. Nyumba ilikuwa ya boriti na udongo, paa la makuti. Mtu akihama, hufungua kamba moja moja, akashusha makuti, akang'oa boriti na mlango, akaenda kuisimamisha kwingine. Udongo tu ndio huachwa.

Nyanya, mamake baba, alinifundisha kushona makuti ningali mdogo sana. Tuliyaloweka mpaka vidole vikanuka matope, huku garimoshi likipiga honi kule chini. Tukimaliza, tulikula sima ya muhogo na papa mkavu wa tui, na nyanya akituambia tushukuru, kwani njaa ilikuwa imebisha hodi kwa wengi.

Vita vikaisha, mzee mwenye shamba akafa, warithi wakauza shamba. Tajiri aliyenunua akatuma neno: masika yasimkute mtu hapo.

Jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa akigawana nasi mboga, aliifungua nyumba yake mapema akahamia kwa ndugu zake Mishomoroni. Akatuambia tumfuate, wallahi pana nafasi. Baba akakataa. Alifanya kazi karakana ya reli, na Mzungu wake alikuwa amemwambia akae atulie, atasema na wakubwa. Ehe, neno hilo lilimlevya baba kuliko tembo la mnazi! Jumapili akawa haendi kanisani tena. Anapiga pasi shati, anakwenda kusimama kwenye baraza ya yule bwana.

Nyanya hakunyamaza. Alimwambia binadamu ni kivuli cha mpapai, jua likisogea kidogo umebaki juani. Siku moja tulimkuta juu ya kinu, anafungua kamba za paa. Baba akamshusha kwa hasira.

"Mama, kwani wewe unaomba tukae au tuhame?"

"Naomba Mungu asituache. Pa kukaa anajua mwenyewe. Lakini paa tulifungue, mwanangu."

Baba akafunga kamba zile upya, akazikaza. Nyumba ile ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo, na sote tulijua.

Mawingu ya masika yalipoanza, baba alikwenda tena kwa bwana wake. Akakuta milango imefungwa. Mpishi akamwambia bwana amepanda meli na mkewe, amerudi kwao Ulaya. Hata kwaheri hakuachiwa. Baba aliporudi, vibarua wa tajiri walikuwa wamefika na mapanga na mitaimbo. Hawakufungua kitu. Walikata kamba, paa likaanguka lote kwa pamoja, boriti zikavunjika, makuti yakakanyagwa. Mama na nyanya waliokoa mlango na sufuria. Baba alisimama na shati lake lililopigwa pasi, na mimi nikamchukia siku ile, kisha nikamhurumia, na mpaka leo sijui lipi lilizidi.

Jirani alitupokea Mishomoroni bila neno la kutusimanga. Nilimuuliza nyanya, mbona jirani naye ni binadamu na ametufaa? Akasema jirani tumshukuru, Mungu tumtegemee, tusichanganye.

Jioni ile mvua ilinyesha. Kwetu baba wa nyumba ndiye aliyekuwa akiombea chakula, nasi tukangoja. Baba akainamia sahani. Sima ikapoa. Nyanya hakumsaidia, alimwangalia tu. Mwishowe baba akasema, "Mungu, sina mtu." Hakuongeza. Nyanya akaitika amina, tukala.

Nyanya alifariki kabla hatujapata paa jingine. Nilimkasirikia Mungu miaka mingi kwa hilo. Nyanya ndiye aliyemtegemea, mbona yeye ndiye aliyekufa kwenye nyumba ya watu? Jibu sijapata, na wanaonipa jibu la haraka nawapa chai, waende zao.

Siku hizi nyumba ni za saruji, hakuna anayehama na yake, na vijana hawajui kushona kuti. Wote waliokaa kwenye ile sima wamekwisha, nimebaki mimi. Jioni nikiinamia sahani yangu nina sala nyingi nilizofundishwa, ndefu na nzuri. Natafuta ya kuanzia, kisha nasema ile ya baba, nangoja amina, na hakuna wa kuniitikia.