Alichosema Mtani Msibani kwa Mwalimu Renatus

Si kweli kwamba Mwalimu Renatus Ngassa wa Mtendeni, Tabora, alifundisha Kiingereza asichokijua. Wanaoeneza hayo wameyatoa kwenye video ya simu iliyopigwa msibani kwake, na aliyeipiga hakuelewa alichokuwa akikitazama.

Renatus alizaliwa Kigwa kwa Mnyamwezi mfuga nyuki, akasomea ualimu, akafundisha shule za msingi hadi kustaafu. Somo lililompa jina ni la aina za nomino za Kiingereza. Aliingia darasani na kopo la asali, akaliweka mezani. Tabora, aliwaambia, ni nomino ya pekee, herufi yake ya kwanza ni kubwa popote ikaapo. Mji ni ya kawaida. Kundi la nyuki ni nomino ya jamii. Nyuki wanahesabika, asali haihesabiki, na anayebisha aje aihesabu. Kisha kila mtoto alilambishwa kwa kijiti chake. "Utamu uko wapi?" aliuliza. "Nileteeni niuweke mezani." Watoto walitazamana huku wakilamba midomo, na hapo ndipo alipowaeleza nomino za dhahania. Hawakuzisahau.

Alipostaafu alifungua darasa la jioni nyumbani. Alipofariki, binti yake Mektilda, naye mwalimu, akaliendeleza kwa jina la baba yake. Mjane, Eustadia, ndiye aliyeagiza jina lisiguswe.

Sasa huo msiba. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na ukifiwa, mtani wako huja kukuchekesha. Mzee Awadhi, Mzaramo, fundi cherehani wa Kanyenye, alivaa koti la marehemu, akashika kopo, akasimama mbele ya waombolezaji. "Watoto, nomino ndizo hizo. Kiingereza kingine sikijui, mimi nilifuata asali tu!" Eustadia alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Mpangaji mmoja mgeni, ambaye kwao hawana utani wa msibani, alirekodi kipande hicho, kikafika kwenye grupu la wazazi.

Viti vya darasani vikaanza kubaki wazi.

"Mama, Mzee Awadhi aombe radhi kwenye video nyingine," Mektilda alisema. "La sivyo tutafunga."

"Mtani haombi radhi kwa utani. Tukimlazimisha, tumeuvunja utani wenyewe. Watatucheka kuwa hatukulelewa."

"Kwa hiyo jina la baba liende hivihivi?"

Eustadia alituma salamu Kanyenye kwamba Awadhi afike Jumamosi, siku ambayo wazazi walisema watakuja kuuliza.

Awadhi alifika ameinamisha kichwa. Sayi, mama kijana aliyewasemea wenzake, akamwamkia, kisha akauliza, "Mzee, ni kweli marehemu hakujua Kiingereza?"

Awadhi akavua kofia. "Wanangu, mimi naomba..."

"Kaa chini!" Eustadia alimkatiza. "Umeanza lini kuomba, Mzaramo wewe? Nyinyi si ndio mnaouza kitanda mkacheze ngoma? Koti la mume wangu liko wapi?"

Mzee akamtazama. Taratibu uso ukamkunjuka.

"Nimelipunguza, mtani. Marehemu alikuwa na mabega ya mpagazi, nilikuwa naogelea humo!"

"Fundi gani wewe! Siku yako ikifika nitavaa hiyo suruali yako iliyopinda, nizunguke nayo Kanyenye nzima."

"Utaipata wapi? Nakujua wewe, nimeusia nizikwe nayo!"

Wazazi waliangua kicheko. Sayi akajipiga paji la uso. "Kumbe ni watani! Sisi tuliletewa kipande tu, mama. Tusamehe." Akatoa simu, akawaandikia wenzake palepale.

Watoto wengi walirudi wiki hiyo. Wawili hawakurudi, na hakuna aliyewafuata kwao.

Bado wapo wanaosimama nje ya kanisa wakiuliza kama Mwalimu Renatus alikuwa na vyeti. Alikuwa navyo. Eustadia hatamwonyesha mtu, hatavipiga picha, wala hatafungua tena kinywa chake juu ya jambo hili. Anayetaka zaidi asibishe hodi.