Chini ya Ndoo ya Arvo

Arvo Niskanen ana mkono wa birika, na hapa kwetu kaskazini mwa Michigan hakuna atakayebishana nami. Tangu mgodi wa shaba ulipofungwa sote tulijifunza kubana matumizi, lakini huyu alipitiliza. Msumari ukipinda, ataunyoosha. Machicha ya kahawa, atayachemsha tena. Akimaliza kula alikuwa anaipangusa sahani kwa kipande cha mkate mpaka unadhani imeshaoshwa. Siku moja nikamwuliza, "Arvo, na pumzi nayo unaipima?" Akanijibu, "Wewe cheka tu, Kerttu. Siku ukiishiwa usije kunipigia hodi." Na sijawahi kumpigia.

Lakini ninayetaka kumzungumzia ni Lempi, shemeji yake. Maisha yake yote alifua mashuka ya hospitali, na mumewe mlevi akainywa nyumba yao, chumba kwa chumba, mpaka ikaisha. Dada yake Sylvi, mke wa Arvo, alipougua, Lempi alikuja kumuuguza akiwa na sanduku moja la nguo na boksi lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi mlikuwa na kuku mweupe, kibeti, mdogo kama njiwa. Alimwita Rouva, maana yake Bibi kwa Kifini cha wazee wetu. Sylvi akafariki, Lempi akabaki, kwa sababu hakuwa na mbele wala nyuma. Alipika, alifua, Jumamosi aliwasha moto wa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke. Mezani alikaa ncha ya benchi, karibu na mlango, kama mgeni anayengojea lifti. Arvo hakuwahi kumwambia aondoke, wala hakuwahi kumwambia akae. "Hana shida, anakula kidogo," aliniambia, eti anamsifu.

Rouva naye bandani aliishi hivyohivyo. Majike mekundu ya Arvo, makubwa na yenye roho mbaya, yalimdonoa kila aliposogelea kihori cha chakula. Ila kuku wakubwa wanavyokula unawajua. Wanapekua, wanarusha, wanachagua kama wateja wa sokoni wasio na nia ya kununua. Nusu ya chakula inaishia chini. Rouva alipita katikati ya miguu yao akiokota kilichoanguka, na alikuwa na afya yake. Alitaga vijiyai vidogo, na Lempi alivila yeye mwenyewe, maana Arvo alisema havifai hata kuuzwa.

Kisha wakaja panya. Hapo simwonei Arvo, panya walikuwepo, tena wanene, wanatembea mchana kama wenye nyumba. Walifuata kile chakula cha chini. Arvo akajifungia kwenye karakana yake akatoka na ndoo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imetobolewa ubavuni, na kila tundu limewekwa kona ya bomba la maji, mdomo ukitazama nje. Kuku anaingiza kichwa kwenye bomba, anakula, akitaka kurusha chakula kinagonga ukuta wa bomba na kurudi ndani. Akaipandisha juu ya matofali ya saruji, akamleta jike lake kubwa kuliko yote na kupima, mdomo wa bomba uwe sawa na mgongo wake. Kuku akila kwa kunyoosha shingo hapati nafasi ya kuchezea.

Aliniita nikaone. "Tazama chini! Tazama, Kerttu! Unaona hata punje?"

Maranda ya mbao chini yalikuwa safi kama sakafu ya kanisa. Nikasema kazi nzuri, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri. Lempi alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ndani ya aproni.

"Shemeji, Rouva hafiki pale."

"Atafika."

"Ni mdogo, shemeji."

"Ataruka. Njaa itamfundisha."

"Basi niweke tofali moja tu, asimame juu yake."

"Ukiweka tofali, hawa wakubwa watalipanda waanze tena kumwaga. Sikiliza, Lempi. Punje moja ikianguka humu, panya wanarudi, na huyo kibeti wako ndiye wa kwanza kutoka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji."

Damu ilinichemka. Tulipofika kwenye uzio wa kwangu nikamwambia Lempi, "Na wewe nawe! Kila kitu ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Ningemchukua mimi huyo kuku, ila mbwa wangu angemmaliza kabla ya chai." Akatabasamu tu. "Acha, Kerttu. Nitapata njia."

Na njia akaipata. Asubuhi na jioni alimnyanyua Rouva kwa mikono miwili, akamshikilia mbele ya bomba mpaka ashibe. Mtu mzima, mwenye baridi yabisi, amesimama kwenye theluji mikono inamtetemeka, na kuku anakula bila haraka kama yuko hotelini. Hakuna punje iliyoanguka. Arvo akipita anamtania, "Vipi, leo ameshanyonya?" Lempi anacheka. "Ananyonya vizuri kuliko wewe unavyokunywa kahawa." Kwa kweli ulikuwa ndio wakati pekee niliomsikia akimrudishia mtu maneno.

Mwezi wa kwanza Lempi akateleza kwenye barafu, ngazi za sauna, akavunjika kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa Duluth kwa binti yangu. Niliporudi nilimkuta chumba cha nyuma, mguu kwenye plasta, uso umemwisha. Hakulalamikia mguu. Kila Arvo alipoingia na kuni, alimwuliza jambo lilelile.

"Shemeji, Rouva amekula?"

"Amekula."

"Umemnyanyua mpaka akashiba?"

"Ohoo, Lempi! Nimesema amekula. Amevimba kama mpira, hata mchungaji hamfikii kwa kitambi. Lala."

Niliyasikia kwa masikio yangu. Na Lempi alikuwa analala kweli, ametulia. Alimwamini, kwani angefanya nini kingine?

Sasa wewe uliyefuga kuku nchi ya theluji unajua, na kama hujui nakwambia. Baridi ikikaza kuku hutimua manyoya yote akawa duara. Aliyeshiba na anayekufa kwa njaa wanafanana. Kumjua ni mpaka umshike, upitishe vidole kifuani. Arvo anafuga kuku tangu akiwa na meno ya utoto.

Asubuhi moja nilikuwa namtilia Lempi kahawa pale kitandani, Arvo akaingia na viatu vyake vya theluji. Alikuwa amemshika Rouva miguu, kichwa chini.

"Amekufa. Baridi hii."

Lempi akanyoosha mikono, akampokea, akamlaza kwenye blanketi. Akayapasua manyoya ya kifua polepole, akagusa. Kisha akasema, "Lete mkono wako, shemeji."

"Wa nini?"

"Lete."

Akavishika vidole vya Arvo na kuvibana pale kwenye mfupa wa kidari. Nami niligusa baadaye. Ulikuwa mfupa mtupu, umechongoka kama mgongo wa kisu, nyama hakuna, huku wala huku.

"Ulikuwa unamnyanyua?"

Arvo alitazama viatu vyake, theluji inayeyuka sakafuni. "Nilidhani ataruka," akasema. "Ungemlea hivyo mpaka lini? Niliona bora ajifunze."

"Uliniambia amekula."

"Lempi, ni kuku."

"Ndiyo, shemeji. Ni kuku."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, tena kwa hasira, nikamwambia Arvo maneno ambayo mchungaji akiyasikia hatanizika. Akatoka, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Plasta ilipotolewa Lempi alirudi jikoni akichechemea. Anapika kama zamani. Ila mezani anaandaa sahani moja, ya Arvo, naye anasimama kwenye beseni la vyombo akimpa mgongo. Arvo akimaliza na kutoka, Lempi anaichukua ile sahani na kula kilichobaki, hukohuko, kwa wima. Sahani ikiwa imepanguswa kwa mkate, anaiosha, na siku hiyo imepita hivyo. Mwanzoni Arvo alifoka. "Kaa chini ule! Nani amekunyima chakula? Sufuria imejaa!" Akamjibu, "Nimezoea vya kuanguka, shemeji." Sauti ileile ya siku zote. Nguo zikaanza kumpwaya, na nilipomshika bega kanisani niliutoa mkono haraka.

Wiki iliyopita niliwakuta wakati wa chakula cha mchana. Viazi, nyama, na mizizi ya rutabaga. Arvo alikula kidogo, akaisukuma sahani, nusu yake haijaguswa. Hakuna mkate mkononi. "Nimeshiba," akasema, na tumbo lake likanguruma sote tukasikia. Alipoona ninamtazama akainamisha macho. "Nikiwepo yeye hali kitu," akaninong'oneza, akavaa koti akatoka.

Nilimwona dirishani, amesimama uani kwenye baridi karibu na banda, anangoja. Nikasema, "Lempi, mwanangu, basi. Kaa ule kama mtu."

Alikuwa ameshaichukua sahani. "Usimwite bado," akasema, akitafuna. "Sijamaliza."