Moto Hadi Chooni

Hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa bodaboda wa Kasulu, maana wao wameshalitia chumvi na pilipili: yule mzee aliyewatoa wapangaji mbio na magodoro kichwani, kwa moto ambao haukuwepo, ni mimi. Aibu ninayo, siifichi, iko kama kovu la jembe mguuni, suruali inalifunika lakini mwenyewe unajua lipo.

Mnanijua. Mimi mtu wa Busunzu, shule niliishia darasa la tatu, lakini baiskeli yangu imepandisha maharage vilima vyote mpaka Titye, nikajenga, nikasomesha, sikumwinamia mtu. (Sijisifu, nasema ilivyokuwa.) Sasa Mama Stefano, mke wangu, presha ilipoanza kumsumbua tukahamia Kasulu mjini tuwe karibu na hospitali, tukapanga ghorofani, nyumba mpya, rangi bado inanuka, kasoro moja tu, upande wetu ulikuwa hauna umeme. Nyaya zilishalazwa, mita ya luku imefungwa kwenye ukuta wa chini karibu na geti, imebaki fundi kuunganisha na kujaribu.

Fundi wetu alikuwa Yoramu, mtu mzima, baba wa watoto wanne, mpole. Nilishinda nyuma yake siku mbili nikijifanya msimamizi, na nikaokota maneno yake. Nikagundua mafundi hawasemi umeme umefika, wanasema moto umefika, na waya wenye umeme ni waya wa moto. Lo, nililipenda neno hilo! Mtu ambaye hakusoma akipata neno la ufundi hulitembeza kama koti jipya. Hata nilipoomba chai nilimwambia mke wangu, "Wewe jikoni huko una moto wa mkaa, subiri nikuletee moto wa fundi."

Siku ya pili, mchana, Yoramu akaniambia, "Mzee, mimi nashuka kwenye mita. Nikiwasha, wewe angalia taa huku juu, zikiwaka nipigie simu."

Nikamwambia, "Simu ya nini? Mdomo huu umeuza maharage soko la Kibondo miaka thelathini bila kipaza sauti. Nenda."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kubonyeza simu tu, jamani! Ila ukweli ni kwamba simu ile mpya ilikuwa inanisumbua, na sikutaka Yoramu aone.

Basi akashuka. Mara taa ya sebuleni paa! Nikatoka kibarazani, nikashika chuma cha kuegemea, nikajaza kifua.

"Moto! Yoramu! Moto umefika!"

Naye kule chini akajibu, "Vyumba vyote?"

"Vyote! Sebuleni moto, chumbani moto, moto hadi chooni!"

Halafu, kwa furaha, nikageuka nimwite mke wangu kwa lugha yetu, "Umuriro uraje!" yaani moto unakuja, na nikaipiga kwa sauti ileile ya sokoni.

Sasa mlango wa pili kutoka kwetu anakaa Furaha, fundi cherehani, na mama yake mzazi, bibi ambaye alikuja nchi hii akikimbia Burundi na mtoto mgongoni, na lugha yake na yetu zinasikilizana. Kule nyumba yao ilichomwa, wenyewe ndani. Hayo nilikuwa sijui. Ninachojua ni kwamba nilisikia yule bibi akipiga yowe, na mwanzoni nikadhani ananishangilia. Ndiyo, nilimpungia mkono.

Milango yote ikafunguka mara moja. Watu wakamwagika ngazini, huyu na godoro, huyu na kuku, na vijana wa gereji ya jirani wakapanda na ndoo za maji, wakanipita mlangoni kama sipo, wakamwagia kochi. Nikapiga kelele, "Acheni! Siyo moto wa moto, ni moto wa umeme!"

Mmoja akasikia neno la mwisho tu. "Ni moto wa umeme! Maji yanaua, leteni mchanga!"

Wakaleta mchanga. Ulikuwepo mwingi, wa mwenye nyumba, wa kujengea ukuta. Wakaumwaga juu ya kochi bichi, juu ya kitanda, juu ya mke wangu aliyekuwa ametoka jikoni na sahani ya ugali. Naye akasimama hivyohivyo, mchanga kichwani, akaniambia taratibu, "Baba Stefano, sema neno umeme. Moja tu. Umeme."

Yoramu ndiye aliyewatuliza. Kicheko kilipoanza kule uani nami nilianza kucheka, mpaka nilipochungulia chini. Furaha alikuwa amerusha cherehani dirishani akilenga lundo la mchanga ili aiokoe, maana ndiyo inayowalisha, kisha akambeba mama yake mgongoni akashuka naye. Mchanga aliukosa. Kichwa cha cherehani kilipasukia kwenye zege. Na bibi ameketi karibu na geti, kakumbatia furushi la nguo, anauliza kila apitaye, "Umuriro uri hehe?" Moto uko wapi?

Furaha akaninyanyulia macho. "Mzee, umeme hulijui jina lake?"

Nami, mpumbavu, mbele ya watu wote, nikamjibu, "Kwani mimi ndiye niliyekuambia urushe cherehani?"

Kicheko kikakatika. Kochi lilikauka, mchanga tulifagia, ila sentensi ile sijapata ufagio wake.

Siku mbili nilijifungia nikisema nitatuma mtu akaniombee radhi. Siku ya tatu mke wangu akatoa cherehani yake, aliyokuja nayo alipoolewa, tuliyoisafirisha kutoka Busunzu, akaifuta vumbi. "Cherehani ni yangu, mdomo ni wako," akasema. "Mimi napeleka cherehani. Wewe peleka mdomo."

Nikaupeleka. Miaka yangu hii, ndiyo mara ya kwanza nimepiga magoti nje ya kanisa. Nikamwambia bibi, "Mumbabarire, mama." Nisameheni. Akaniwekea mkono kichwani, akasema yameisha. Furaha naye akaipokea cherehani, akalizungusha gurudumu, akasema, "Inapiga kelele kidogo, kama wewe mwenyewe." Nikajua anaanza kunisamehe.

Tangu hapo neno moto nimeliachia mafundi, na simu nimejifunza, mjukuu alinifundisha nami sikuona haya. Vijana wa bodaboda wananiita Mzee Hadi Chooni, nami naitika, ni haki yangu.

Ila lile furushi la bibi halikurudi kabatini. Lipo mlangoni pake, limefungwa, na viatu juu yake. Umeme ukikatika na kurudi, mtaa mzima unashangilia, na mimi natoka polepole, nabisha hodi kwake, namwambia kwa sauti ndogo niliyojifunza uzeeni, "Ni umeme tu, mama. Ni umeme." Naye hujibu, "Asante, mwanangu." Lakini mkono huwa ameshauweka juu ya furushi.